Klachi na goti la dereva: mkosaji ni nani?

Simama jioni katika steji ya matatu mjini Thika uwatazame madereva wanaposhuka baada ya safari ya mwisho. Mguu wa kulia hutangulia chini, kisha wa kushoto hufuata polepole huku mkono umeshika mlango. Dereva huchechemea hatua tatu nne, hunyosha kiuno, ndipo mwendo wake unakaa sawa. Ukimuuliza ana nini, jibu mara nyingi huwa moja: ni klachi.

Imani hii imeenea mno miongoni mwa watu wanaoendesha magari ya gia za mkono. Husemwa kwamba klachi humaliza goti la kushoto kama inavyomaliza pleti zake yenyewe, na kwamba dereva wa miaka mingi lazima azeeke akiwa kilema. Si jambo dogo. Goti la dereva ndilo karo ya watoto wake na kodi ya nyumba. Anapoamini kuwa goti limekwisha, huenda akaacha kazi bila sababu, akanunua gari asiloweza kulilipia, au akaanza kumeza vidonge kila siku bila kuonana na daktari.

Katika makala ya wiki hii tutachunguza kama imani hiyo ni kweli. Tutaona pia ni nini hasa kinachoharibu viungo vya dereva, na yale unayoweza kufanya wewe mwenyewe kuanzia kesho asubuhi.

GOTI LIMEUMBWAJE?

Umewahi kula paja la kuku ukaona ule utando mweupe unaong'aa kwenye ncha ya mfupa? Hilo ndilo gegedu. Katika goti lako gegedu limefunika ncha za mifupa ili isisuguane. Mbele ya goti kuna mfupa mdogo wa mviringo uitwao pia ya goti, ambao huteleza juu na chini kila unapokunja na kunyosha mguu. Ndani mna ute unaolainisha kila kitu, mfano wa oili katika injini.

Sasa shika jambo hili, kwa maana ndilo msingi wa somo letu. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka katika ule ute, na ute huo huingia na kutoka gegedu linapobanwa na kuachiliwa, kama sponji ndani ya maji. Kwa hivyo kiungo hulishwa na mwendo. Kiungo kisichosogezwa hukosa lishe, na misuli inayokishikilia hulegea.

Hapa ndipo mfano wa pleti za klachi unapopotosha. Pleti ni chuma na vitu visivyo na uhai, nazo huisha kadiri zinavyotumika. Goti ni kitu hai, na likitumiwa kwa kiasi huimarika. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba ugonjwa wa kuchakaa kwa magoti na nyonga ulipatikana kwa asilimia 3.5 ya watu wanaokimbia kujiburudisha, lakini kwa asilimia 10.2 ya wale wasiokimbia. Bila shaka wanaokimbia aghalabu huwa wepesi wa mwili, na hilo pia huwasaidia. Lakini kama kukunja na kunyosha goti mara nyingi kungekuwa ndio ugonjwa wenyewe, wakimbiaji hao wangekuwa wa kwanza kuugua.

KLACHI NI MZIGO GANI?

Hebu tufanye hesabu. Tuseme unaendesha matatu kati ya Thika na Ruiru, mwendo wa kilomita 20 hivi, ukisimama Witeithie, Juja na Kimbo. Tuseme unakanyaga klachi mara 900 kwa siku na unafanya kazi siku 26 kwa mwezi. Hizo ni mara 23,400 kila mwezi. Idadi hiyo inatisha, lakini idadi pekee haitoshi. Lazima tuulize pia uzito wa kila mkanyago.

Unapotembea mahali tambarare, kila hatua hulitia goti mzigo wa kati ya mara mbili na mara tatu ya uzito wa mwili wako. Unapopanda ngazi mzigo hupita mara tatu. Kwa mtu wa kilo 80, hatua moja ya kawaida ni kilo 160 hadi 240. Unapokanyaga klachi umeketi, na uzito wa mwili umebebwa na kiti. Klachi ya gari dogo lililo katika hali nzuri hudai nguvu ndogo sana ukilinganisha na hatua hiyo, hata tukihesabu jinsi misuli inavyovuta pia ya goti. Yule abiria anayepanda ngazi hadi orofa ya nne analitwisha goti lake mzigo mkubwa kuliko wako unapobadilisha gia.

Kwa hivyo jibu la swali letu ni hili: kuendesha gari la gia za mkono, kwako na kwa klachi iliyo sawa, si jambo linalojulikana kuchakaza goti lenye afya. Lakini usifurahi upesi, kwani maumivu yale ya jioni ni ya kweli na yana sababu zake.

KUUMA SI KUCHAKAA

Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Goti linaweza kuuma bila gegedu kuchakaa hata kidogo. Maumivu yatokanayo na klachi mara nyingi ni ya misuli ya paja, ya kano, au ya sehemu iliyo nyuma ya pia ya goti. Huletwa na mambo matatu.

La kwanza ni kiti kilichosogezwa mbele mno. Goti likikunjwa sana huku likisukuma, pia ya goti hubanwa kwa nguvu dhidi ya mfupa wa paja.

La pili ni kuning'iniza klachi. Katika msongamano wa magari pale Githurai, au kwenye makutano ya Ruiru, dereva hushikilia klachi nusu kwa dakika kadhaa ili gari lisirudi nyuma. Msuli ulioshikilia bila kusogea haupati damu ya kutosha, basi huchoka na kuuma.

La tatu ni klachi ngumu. Kebo ikikauka au pleti zikichakaa, mguu hulazimika kusukuma kwa nguvu kuliko kawaida. Madereva wa malori yabebayo mawe kutoka machimbo ya Ndarugo, karibu na Juja, wanalifahamu jambo hili vizuri.

Habari njema ni kwamba maumivu ya namna hii hupungua chanzo chake kikirekebishwa.

WAKOSAJI HALISI

Je, ni nini basi kinachochakaza magoti ya madereva? Madaktari wanafahamu vyanzo vikuu vya ugonjwa wa kuchakaa kwa goti: umri, uzito wa mwili kupita kiasi, jeraha la zamani, urithi wa ukoo, na kazi za kupiga magoti, kuchuchumaa au kunyanyua mizigo mizito. Wanawake pia hupatwa zaidi kuliko wanaume, hasa baada ya miaka 50. Umri na ukoo huwezi kuvibadilisha. Yaliyosalia yatazame vizuri, kwa sababu maisha ya dereva huyakaribisha.

1. Uzito. Dereva hukaa mchana kutwa, hula chapati na chai ya sukari nyingi asubuhi, chipsi mchana na nyama usiku. Miaka kumi baadaye ameongeza kilo 15. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 uliwafuata wazee wanene wenye magoti yaliyochakaa. Ulibainisha kwamba kila kilo moja iliyopunguzwa mwilini iliondoa mzigo wa kilo nne hivi kwenye goti kwa kila hatua. Punguza kilo 5, na goti lako limetua kilo 20 kila unapokanyaga ardhi.

2. Jeraha la zamani. Madereva wengi walianza kazi wakiwa makanga, wakirukaruka kutoka kwenye magari yanayokwenda. Goti lililoteguka wakati huo, kano ikakatika na isitibiwe, huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuchakaa miaka 10 au 20 baadaye. Dereva husahau siku ile alipoanguka, akailaumu klachi ya leo.

3. Kuruka kutoka juu. Dereva wa lori anayeruka chini kutoka kwenye kebini hulipiga goti lake kwa nguvu inayozidi kwa mbali ile ya klachi, na hufanya hivyo mara nyingi kila siku.

4. Saa nyingi za kuketi. Watafiti waliowachunguza madereva wa teksi zaidi ya 1,200 mjini Taipei, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, waliona kuwa maumivu ya goti yaliongezeka pamoja na saa za kazi. Walioendesha kwa zaidi ya saa 10 kwa siku walilalamika zaidi kuliko wale walioendesha saa 6 au pungufu.

Hapa kwetu sheria inalizungumzia jambo hilo. Kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki, kilichoongezwa mwaka 2012, kinakataza mtu kuendesha gari la abiria au la biashara kwa zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Shabaha kuu ni kuzuia ajali, lakini magoti na migongo nayo hulindwa na sheria hiyo. Dereva anayeondoka Thika alfajiri na kurudi usiku kwa sababu hesabu ya mwenye gari haijatimia anavunja sheria, na mwili wake ndio unaotozwa faini ya kwanza.

Wengine hulaumu baridi, hasa ile ya mwezi wa Julai. Lugha yetu yenyewe inachangia, kwani maradhi ya viungo tunayaita baridi yabisi. Ukweli ni kwamba baridi inaweza kukufanya usikie maumivu zaidi, lakini haichakazi gegedu. Vaa suruali nzito ukipenda, ila usidhani umelitibu goti.

JIPIME MWENYEWE

Nchini Kenya tunaendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani uko kulia. Mguu wa kushoto hushika klachi peke yake, na wa kulia hushika breki na eksileta. Hali hii inakupa kipimo rahisi kisicho na gharama.

Jiulize: ni goti lipi linaloniuma? Kama ni la kushoto tu, na uchungu huja jioni kisha hutulia siku ya mapumziko, huenda kweli chanzo ni kiti, klachi ngumu au mazoea ya kuining'iniza. Kama ni yote mawili, klachi haiwezi kuwa mkosaji mkuu. Angalia uzito wako, umri na saa za kuketi. Kama ni goti la kulia pekee, huna haja ya kuitaja klachi kabisa. Tafuta jeraha la zamani au jinsi unavyoshuka garini.

USISAHAU MGONGO

Ajabu ni kwamba dereva hulilia goti huku mgongo ndio unaoumia zaidi. Kuketi kwa saa nyingi pamoja na mtikiso wa gari ni miongoni mwa sababu zinazofahamika sana za maumivu ya kiuno kwa madereva wa kazi. Katika magari ambayo dereva huketi juu ya magurudumu ya mbele, kila shimo humfikia moja kwa moja. Barabara Kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwaka 2012, ni laini. Lakini njia nyingi za kuingia mitaani huko Ruiru na Thika bado ni za vumbi na mashimo, na hapo ndipo springi na shokabzoba zilizokufa huutwisha uti wako wa mgongo kazi isiyo yake.

Wakati mwingine neva ikibanwa kiunoni, maumivu huteremka hadi gotini na kwenye wayo. Mtu huchua goti mwaka mzima, kumbe ugonjwa uko mgongoni.

KAA HIVI

Kesho kabla ya kuwasha gari, fanya yafuatayo:

1. Kanyaga klachi hadi mwisho. Goti la kushoto libaki limekunjika kidogo tu. Likiwa limenyooka kabisa, kiti kiko mbali. Likiwa karibu kugusa usukani, kiti kiko karibu mno.

2. Inua kiti, au weka mto mgumu, ili nyonga zisiwe chini kuliko magoti.

3. Laza kidogo egemeo la kiti nyuma, na mgongo wote uliguse. Taulo iliyokunjwa ukaiweka kiunoni husaidia sana.

4. Toa pochi katika mfuko wa nyuma wa suruali. Kuikalia hupinda nyonga siku nzima.

5. Gari likisimama, weka nyutro, vuta breki ya mkono, kisha shusha mguu wa kushoto ukae sakafuni. Usiulaze juu ya klachi wakati gari linakwenda.

6. Kila baada ya saa mbili shuka utembee dakika tano. Wakati makanga anaita abiria, zunguka gari mara mbili tatu badala ya kuketi na simu.

7. Ukishuka kutoka kwenye lori, geukia gari, shika kwa mikono na uteremke hatua kwa hatua.

MAZOEZI MATATU

Misuli ya paja ndiyo shokabzoba ya goti. Ikiwa na nguvu, goti hupumzika. Mazoezi haya hayataki vifaa.

La kwanza: keti kwenye kiti, nyosha mguu mmoja mbele hadi goti linyooke, kaza paja, hesabu hadi tano, shusha polepole. Rudia mara 10 kwa kila mguu.

La pili: simama kutoka kwenye kiti na uketi tena bila kutumia mikono, mara 10.

La tatu: shika ukuta, jinyanyue kwa vidole vya miguu, shuka polepole, mara 15.

Fanya hayo asubuhi na jioni. Ongeza kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa juma. Hizo ni dakika 150, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima. Uchungu kidogo wa misuli ni kawaida siku za mwanzo. Lakini ukisikia uchungu mkali ndani ya goti, acha zoezi hilo na uombe ushauri.

TAHADHARI KUHUSU VIDONGE

Ni rahisi mno kununua dawa za maumivu. Madereva wengi hubeba diklofenaki au ibuprofeni garini na kuzimeza kama peremende. Dawa hizi zinafaa kwa siku chache chini ya maelekezo ya mtaalamu. Zikitumiwa kila siku kwa miezi, zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtu mwenye umri mkubwa au mwenye presha tayari. Kidonge hunyamazisha uchungu tu. Hakisogezi kiti wala hakipunguzi kilo.

NENDA HOSPITALINI UKIONA HAYA

Usingoje wiki ijayo ikiwa:

– goti limevimba ghafla, lina moto na jekundu, nawe una homa;

– shavu la mguu mmoja limevimba na linauma baada ya kuketi muda mrefu, kwani damu yaweza kuwa imeganda ndani. Ukishikwa pia na pumzi au uchungu wa kifua, ni dharura;

– maumivu ya mgongo yanaambatana na ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo au choo. Hiyo pia ni dharura;

– goti linakwama lisinyooke, au linalegea na kukuangusha.

Panga kumwona daktari pia ikiwa viungo kadhaa hukakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa na vimevimba, au ikiwa uchungu mkali huja usiku kwenye kidole gumba cha mguu au gotini. Huenda ni maradhi mengine kabisa, kama vile jongo, ambayo yana matibabu yake. Anzia hospitali ya umma iliyo karibu nawe, kama ile ya Thika au ya Ruiru, na uulize kama unaweza kuonwa na mtaalamu wa fiziotherapi.

NINUNUE OTOMATIKI?

Swali hili huulizwa mara kwa mara. Ikiwa goti lako la kushoto tayari limechakaa au limefanyiwa upasuaji, gari la otomatiki litakupunguzia uchungu, hasa kwenye msongamano. Lakini ikiwa goti ni zima, usijitie deni kwa hofu. Otomatiki haikuondolei saa za kuketi, haikupunguzii uzito, na mguu wa kushoto ndio utazidi kukaa bure.

Nanyi wenye magari, sikilizeni. Kebo ya klachi iliyotiwa mafuta, kiti kinachosogea na shokabzoba nzima ni gharama ndogo. Dereva asiyening'iniza klachi hukuhifadhia pleti zako pia. Na hesabu ya jioni isiyomlazimisha kupita saa 8 ni kinga kwake na kwa abiria wake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa dereva si klachi. Ni kile kiti alichorithi kwa dereva wa jana bila kukirekebisha, na zile kilo anazozidi kuongeza. Kesho alfajiri, kabla hujaita abiria wa kwanza, anza na kiti.